Carl Jung na Nyapara wa Kisomali: Safari ya Kuitafuta Dhahabu ya Nafsi



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za masahaba, maimamu na wanazuoni wetu. Safari hii naomba nafasi niandike wasifu wa mtu ambaye hakuwa Muislamu, daktari wa Uswisi aliyefariki mwaka 1961. Jina lake ni Carl Gustav Jung. Wenzetu wanaosoma saikolojia, ualimu na uuguzi hukutana naye darasani. Sisi wa masomo ya Kiislamu tuna sababu zetu za kumjua. Alipita katika nchi yetu ya Uganda. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kusoma vitabu vya alkemia, elimu iliyofika Ulaya kupitia mikono ya Waislamu. Na aliandika maelezo marefu juu ya Suratul Kahf, ambamo alimtaja Msomali mmoja aliyezungumza naye habari za Khidr katika safari ya Afrika Mashariki. Ipo sababu nyingine inayotuhusu zaidi sisi tuliotoka Kasese na Bwera, nayo nitaifikia baada ya kusimulia maisha yake.

Mtoto wa mchungaji

Jung alizaliwa tarehe 26 Julai 1875 katika kijiji cha Kesswil, kando ya Ziwa Constance. Baba yake, Paul, alikuwa mchungaji wa kanisa. Mtoto aliona kwamba baba yake anahubiri kila Jumapili huku moyo wake hauna utulivu, na kila alipomuuliza maswali mazito ya dini alijibiwa kwamba aamini tu, asifikiri sana. Jambo hilo lilimkaa moyoni mpaka uzeeni. Upande wa mama yake, Emilie, ulikuwa na watu waliosema wanaona mizimu na kusikia sauti. Basi alikulia katika nyumba ambayo ghaibu ilizungumzwa kila siku, lakini hakuna aliyeweza kumweleza ni kitu gani hasa.

Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Basel. Wenzake wengi waliona tiba ya wagonjwa wa akili ni kazi duni isiyo na faida. Yeye aliichagua. Mwishoni mwa mwaka 1900 aliingia hospitali ya Burghölzli mjini Zurich, chini ya Profesa Eugen Bleuler. Huko alianza kufanya jambo ambalo madaktari wengi wa zama zile hawakulipa uzito: kukaa na mgonjwa na kusikiliza anachosema, hata kama maneno yake yanaonekana hayana maana. Alikuwa akimtajia mtu neno moja moja, naye ajibu kwa neno la kwanza linalomjia, huku saa ikipima muda. Pale mtu alipochelewa kujibu au kubabaika, Jung alijua kuna kidonda. Alithibitisha kwa njia hiyo kwamba ndani ya nafsi kuna mambo yanayotuendesha bila sisi wenyewe kuyatambua. Elimu inayochunguza mambo hayo ndiyo inayoitwa saikolojia ya kina.

Mwaka 1907 alikutana na Sigmund Freud mjini Vienna, na inasimuliwa kwamba siku ya kwanza walizungumza kwa saa kumi na tatu. Freud alimwona kama mrithi wake. Lakini urafiki ule ulivunjika mwaka 1913. Freud aliiona dini kuwa ni kitu cha kitoto ambacho binadamu ataachana nacho akikua. Jung, ingawa hakuwa mtu wa kanisani, aliona kwamba nafsi ya mtu ina haja ya dini kama mwili unavyohitaji chakula, na kwamba wagonjwa wake wengi waliovuka umri wa ujana walikuwa wameugua kwa kukosa maana ya maisha.

Baada ya kuachana na Freud alipata msukosuko mkubwa. Mnamo Oktoba 1913, akiwa ndani ya treni, aliona katika njozi mafuriko yameifunika Ulaya, maiti zikielea, kisha maji yakageuka damu. Alidhani anapoteza akili. Mwaka uliofuata vita kuu ilizuka. Kwa miaka kadhaa aliendelea kutibu wagonjwa mchana na usiku akipambana na ndoto na njozi zake, akiziandika na kuzichora katika kitabu kikubwa chenye jalada jekundu. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 2009, karibu nusu karne baada ya kufa kwake.

Safari ya Afrika

Mwaka 1920 Jung alitembelea Tunisia na Algeria, na huko akawaona Waislamu katika miji yao kwa mara ya kwanza. Miaka mitano baadaye alikuja kwetu. Alitia nanga Mombasa Novemba 1925 akiwa na Peter Baynes, daktari Mwingereza, na kijana wa Kimarekani, George Beckwith. Baadaye aliungana nao Mwingereza mwingine, Ruth Bailey. Walipanda treni hadi Nairobi, wakaendelea kuelekea Mlima Elgon. Safari yao iliandikishwa kwa jina la Bugishu, yaani nchi ya Wagisu, ingawa sehemu kubwa ya siku zao waliishi upande wa Kenya, kwa watu aliowaita Elgonyi, jamaa wa Wasabaoti wa leo.

Huko alikuwa akiitisha shauri, watu wakikaa kwenye vigoda, naye akiuliza maswali kwa Kiswahili cha kubahatisha huku kamusi ndogo ikiwa mkononi. Alitaka kusikia ndoto zao. Mzee mmoja, laiboni, alimjibu kwa machozi. Alisema zamani malaiboni waliota, na kwa ndoto walijua kama vita inakuja, kama kuna maradhi, kama mvua itanyesha na mifugo ipelekwe wapi. Tangu Wazungu waje, hakuna tena anayeota, kwa kuwa Bwana DC ndiye anayejua kila kitu. Mimi naona hakuna kitabu cha historia kilichonieleza ukoloni kwa ufupi kiasi hicho. Watu walinyang'anywa ardhi, wakatozwa kodi, na juu ya hayo wakaambiwa kwamba kinachotoka ndani yao hakina thamani.

Lakini tusimsifu Jung kupita kiasi. Maandishi yake yanawaita Waafrika watu wa hali ya mwanzo, kana kwamba sisi ni utoto wa binadamu na Mzungu ndiye utu uzima wake. Tena yeye mwenyewe aliiogopa Afrika. Katika ndoto zake zote za safari ile alitokea mtu mmoja tu mweusi, kinyozi aliyemnyoa miaka kumi na miwili nyuma katika mji wa Chattanooga, Marekani. Katika ndoto kinyozi yule alitaka kuzifanya nywele za Jung ziwe za kipilipili. Aliamka akaichukulia kama onyo kwamba Afrika inataka kummeza. Mtu aliyekuja kusikiliza ndoto za wengine alitishwa na yake mwenyewe.

Kutoka Elgon walishuka hadi Mbale, malori yakawapeleka Jinja, kisha wakapita Ziwa Kyoga na Masindi hadi Ziwa Albert, wakateremka na Nile kuelekea Sudan na Misri. Hakufika kwetu Kasese. Ila maji yetu aliyavuka, kwa sababu mito ya Rwenzori upande wa Kasese huingia Ziwa George, ikapita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, na kutoka hapo mto Semliki huyapeleka maji Ziwa Albert.

Mtu wa kitabu

Nyapara wa msafara ule alikuwa Msomali mrefu, mwembamba, jina lake Ibrahim, aliyelelewa katika njia ya kisufi. Jung alikuwa amesoma tafsiri ya Qur'ani, na katika mazungumzo yao Ibrahim alishangaa kuona mgeni anaijua vile. Akamwita mtu wa kitabu, akamhesabu kama Muislamu aliyejificha.

Ibrahim alimwambia kwamba mtu kama yeye anaweza kukutana na Khidr wakati wowote. Anaweza kumkuta njiani kwa umbo la mtu, au usiku kama nuru nyeupe. Kisha akatabasamu, akachuma jani la nyasi, akasema hata hivi anaweza kuonekana. Akamsimulia yaliyompata yeye mwenyewe. Baada ya vita alikosa kazi, akawa katika dhiki. Usiku mmoja aliota nuru nyeupe karibu na mlango, akajua ni Khidr, akainuka ndotoni kwa adabu akamtolea salamu. Siku chache baadaye kampuni moja ya Nairobi ilimpa kazi ya unyapara wa safari.

Jung aliibeba habari hiyo hadi Uswisi. Mwaka 1939 alipotoa mhadhara juu ya kuzaliwa upya kwa nafsi, na baadaye alipoupanua kuwa maandishi, aliichukua Suratul Kahf kama mfano mkubwa: vijana wa pangoni, samaki aliyepotea kwa Musa na kijana wake, Khidr, na Dhul Qarnayn. Na humo akamtaja nyapara wake. Mtu aliyekuwa akihesabu mizigo na kusimamia wapagazi amebaki katika vitabu vya saikolojia kama mwalimu.

Alkemia ni nini?

Aliporudi kutoka Afrika, Jung aliota kwamba amefungiwa katika karne ya 17 na lango limefungwa nyuma yake. Hakuelewa maana yake. Mwaka 1928 rafiki yake Richard Wilhelm alimtumia maandishi ya kale ya alkemia ya Kichina, na hapo akaanza kununua vitabu vya alkemia vya Kilatini. Mwanzoni aliona ni upuuzi mtupu. Kisha akaanza kuandika orodha ya maneno yaliyojirudia, kama mtu anayejifunza lugha asiyokuwa na mwalimu wake, na kazi hiyo ikamchukua miaka mingi.

Alkemia ni ile elimu ya kale iliyotaka kugeuza risasi na madini duni kuwa dhahabu. Jina lenyewe linatoka katika Kiarabu, al-kimiya, na vivyo hivyo maneno ya Ulaya kama eliksiri, kutoka al-iksir. Jabir bin Hayyan alifundisha kwamba madini huzaliwa kwa muungano wa salfa na zebaki. Abu Bakr al-Razi alieleza vyombo vya maabara na namna ya kuvitumia. Muhammad bin Umayl, aliyeishi Misri katika karne ya 10, aliandika kwa mafumbo, na kitabu chake kilipofasiriwa kwa Kilatini Wazungu walimwita Senior. Jung anamtaja Senior mara nyingi. Hata hivyo wapo wanazuoni wetu, kama Ibn Sina na Ibn Khaldun, waliokataa kwamba madini yanaweza kugeuzwa dhahabu, na wakati umewapa haki.

Sisi wa Kasese hatuhitaji kufikiria mbali ili tuelewe mafumbo yale. Wanaalkemia wa baadaye wa Ulaya walisema kila kitu kimejengwa kwa salfa, zebaki na chumvi. Chumvi wazee wetu wanaichota Ziwa Katwe, wamesimama majini juani. Salfa imo katika mawe ya Kilembe pamoja na shaba na kobalti. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na shaba ya Kilembe ikasafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Jiwe lile ukiliokota njiani utalitupa. Likipondwa, likaoshwa na kutiwa motoni, linatoa shaba. Wanaalkemia walisema hivyohivyo: kitu cha thamani kinaanzia katika kile ambacho watu wanakikanyaga.

Jung aliona kwamba mwanaalkemia aliyekaa usiku akitazama chungu chake alikuwa akiitazama nafsi yake bila kujua. Hatua zao zilikuwa na rangi. Kwanza weusi, pale kitu kinapooza na kuvunjika. Kisha weupe, kinapooshwa. Mwisho wekundu, kinapokamilika. Kwa Jung, weusi ni siku ambayo mtu analazimika kukiona kivuli chake, yaani maovu na udhaifu anaoukana kwake na kuuona kwa jirani tu. Weupe ni kujitambua. Wekundu ni mtu kurudi katika maisha akiwa mzima, hajagawanyika. Kitabu chake cha saikolojia na alkemia kilitoka mwaka 1944, mwaka uleule alioanguka akavunjika mguu, kisha moyo ukamshambulia karibu afe. Kazi yake kubwa ya mwisho juu ya alkemia ilitoka 1955 na 1956, mwaka wa reli yetu. Alifariki nyumbani kwake Küsnacht tarehe 6 Juni 1961, akiwa na umri wa miaka 85.

Msomaji Muislamu atakumbuka hapa kwamba Imamu Ghazali aliandika kitabu kwa Kiajemi akakiita Kimia ya Furaha zaidi ya miaka 800 kabla ya Jung. Naye aliandika baada ya kuonja weusi wake. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mashuhuri wa Nidhamiyya mjini Baghdad, ghafla ulimi ukafungwa asiweze kufundisha, chakula kikakataa kupita, na madaktari wakaona kwamba ugonjwa unatoka moyoni. Aliacha cheo na mali akaenda kuisafisha nafsi yake. Tofauti ni kwamba kwa Ghazali nafsi husafishwa ili imjue Mola wake. Jung aliishia kwenye nafsi yenyewe. Khidr kwake ni alama ya kitu kilichomo ndani ya mtu. Kwetu Khidr ni mja wa Mwenyezi Mungu aliyepewa elimu kutoka Kwake, na Nabii Musa (A.S.) alisafiri kwa miguu kumtafuta. Ukimgeuza kuwa alama tu, hakuna tena wa kumfuata wala wa kumtii. Mtu anabaki akizungumza na kioo.

Ndoto za Bwera

Sasa nifike kwenye jambo letu. Tarehe 16 Juni 2023, usiku, waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Kabla ya hapo, Nyamwamba ilifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ikachukua nyumba za watu. Mambo haya yalipita kwenye habari kwa wiki chache, lakini kwetu hayajapita. Wapo vijana ambao mpaka leo hawalali vizuri. Na kwa kuwa wauaji wale hujinasibisha na dini yetu, kijana wa Kiislamu wa Bwera anabeba mzigo wa pili, macho ya watu wanaomtilia shaka.

Namfahamu kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akiamka usiku akipiga kelele. Aliota moto na mlango uliofungwa. Jamaa walisema ni jini. Alipelekwa kwa mtu anayejiita mtabibu, akalipishwa, akapigwa ili jini atoke. Hali ikazidi kuwa mbaya. Baadaye ami yake alimpeleka hospitali kwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, na wakati huohuo imamu wetu akawa anakaa naye baada ya Isha, anamsikiliza na kumsomea. Hajapona kabisa, ila sasa analala, na amerudi shule.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba ndoto ziko aina tatu: bishara njema kutoka kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha kutoka kwa shetani, na yale ambayo mtu anaizungumzia nafsi yake. Ukiisoma hadithi hii pamoja na maisha ya Jung, utaona alipopatia na alipokosea. Aina ya tatu aliichimba kwa subira kuliko wengi, na katika hiyo tunaweza kujifunza kwake. Kosa lake ni kuzitia zote tatu katika chungu kimoja cha nafsi. Lakini yule aliyempiga kijana wetu alifanya kosa lilelile kutoka upande wa pili, kwa kuzitia zote katika chungu cha jini. Kijana aliyeona wenzake wameuawa, nafsi yake ikarudia yale usiku, huyo anahitaji mtu wa kumsikiliza. Wazee wetu walilijua hilo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja, akaeleza hofu na huzuni kama maradhi yenye tiba.

Kwa hiyo, ndugu zangu mtakaorudi nyumbani likizo hii, Kasese, Bwera, Kilembe au Katwe, nawaomba mambo mawili. Mtu akikusimulia ndoto inayomtesa, usikimbilie kumpa hukumu. Kaa naye, msikilize hadi mwisho, msomee, na akihitaji hospitali mpeleke. Dua na daktari havigombani. Na wenzetu wanaosoma uuguzi na saikolojia, someni pia Ghazali na Balkhi, ili mgonjwa wa Kiislamu akija kwenu asilazimike kuchagua kati ya imani yake na tiba yake.

Katika hadithi, Khidr aliitwa jina hilo kwa kuwa alikaa juu ya ardhi kavu nyeupe ikageuka kijani. Nadhani Ibrahim alikuwa na hilo moyoni alipochuma jani la nyasi njiani. Hakumwonyesha Jung dhahabu.

Wabillahi tawfiq.